Kazi Hii Imeombwa na Nani?

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana na wazazi hapa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda. Wengi walituma ujumbe kwamba mvua iliwazuia, kwa hiyo nimeyaandika yote kama yalivyosemwa, isipokuwa pale ambapo jenereta ya jirani ilitufanya tusisikilizane.

Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza letu la mtaa, wazee, akina mama mliowahi viti vya mbele, na ninyi vijana mliojazana mlangoni kana kwamba mnajiandaa kutoroka: habari za mchana? Hapana, hiyo sauti ni ya watu wenye njaa. Habari za mchana? Haya, sasa nimesikia.

Nimealikwa nizungumze juu ya vijana kujitolea kimataifa na miradi ya kubadilishana vijana. Tangu nishuke kwenye boda pale nje, nimeulizwa swali moja tu, na kila mmoja ananiuliza kwa kuninong'oneza kama vile tunauziana kitu cha magendo: "Mama, nifanyeje niende nje?"

Nitajibu. Lakini mimi pia nina swali langu, na leo nitalirudia mpaka mnichoke. Swali langu ni hili: kazi hii imeombwa na nani?

Mnajua nyumba yangu. Miaka mingi sasa nimepokea vijana wa kujitolea kutoka Ujerumani, kutoka Norwei, kutoka Kenya, na Mjapani mmoja aliyekula posho, yaani ugali, na dagaa wa mukene kuwashinda wanangu. Vilevile nimewasindikiza vijana wa mtaa huu mpaka uwanja wa ndege wa Entebbe, wengine wamevaa koti la baridi la kuazima, kwenye jua la saa saba. Nimewaona wakienda na nimewaona wakirudi. Waliofaulu na walioshindwa wote walikuwa na moyo, kwa hiyo msinipe habari ya moyo peke yake. Tofauti yao ilikuwa kwamba wengine walijua wanakwenda kufanya kazi gani na nani anaihitaji, na wengine walijua jina la nchi tu.

Hebu niwapeleke mbali kidogo. Ufaransa, mwaka 1920. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha miaka miwili iliyopita. Mahali panaitwa Verdun. Hapo, mwaka 1916, Wafaransa na Wajerumani walipigana kwa miezi kumi hivi, na vijiji vya jirani vikasagwa na mizinga. Kimoja cha vijiji hivyo kinaitwa Esnes.

Akaja Mswisi mmoja, mhandisi, jina lake Pierre Cérésole. Baba yake aliwahi kuwa rais wa Uswisi, lakini yeye mwenyewe alitiwa ndani kwa kukataa kulipa kodi ya jeshi. Huyu bwana aliona watu wa amani wanakutana, wanahutubiana, wanapitisha maazimio, wanakwenda kulala. Akasema hapana. Akakusanya watu wachache wa mataifa mbalimbali, na miongoni mwao, sikilizeni vizuri, walikuwamo Wajerumani. Wajerumani! Miaka miwili baada ya vita! Wakaenda Esnes na sepetu. Wakajenga nyumba za mbao, wakafukia mashimo ya mizinga, wakatengeneza barabara.

Mnadhani wanakijiji wote waliwapokea kwa vigelegele? Wengine walishukuru. Wengine walinung'unika: hawa ndio waliotuulia watoto, leo wanatujengea? Mwaka uliofuata kambi ikavunjwa. Watu wale walikuwa na nia njema kuliko mimi na wewe, na walikuwa na mikono ya kazi, lakini palibaki swali ambalo halikupata jibu kamili: kazi hii, na watu hawa, wameombwa na nani?

Hawakukata tamaa. Mwaka 1924 maporomoko ya theluji yalibomoa kijiji kwao Uswisi. Wakaenda kuondoa vifusi. Septemba 1927 mto Rhine ulifurika kule Liechtenstein, nchi ndogo ambayo ungeizunguka na boda kwa siku moja, ukaacha mashamba yamefunikwa na mchanga na mawe. Mwaka 1928 mamia ya vijana kutoka nchi nyingi walikwenda kuusomba mchanga ule. Hapo hakuna aliyeuliza wamekuja kufanya nini, shida ilikuwa imelala shambani kila mtu anaiona. Mwaka 1934 tetemeko la ardhi lilipiga Bihar, India, na Cérésole akafika mpaka huko. Shirika lililozaliwa kutokana na kazi hizo, Service Civil International, lipo mpaka leo. Na hizi kambi za kazi mnazozisikia, wiki mbili tatu, vijana wa nchi mbalimbali wanalala chini, wanapika kwa zamu, wanachimba choo cha shule, mama yake ni ile kambi ya Esnes.

Nawasimulia haya kwa sababu kuna kijana hapa aliniambia kujitolea ni mambo ya Wazungu kuja Afrika. Kumbe kulianza kwa Wazungu kufukiana mashimo waliyochimbiana wenyewe! Na sisi hapa tulikuwa na bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, kabla ya mhandisi yeyote. Mtu anaamka, anakwenda kusafisha kisima, harudi na risiti.

Sasa twende Ghana. Mwaka 1961, rais wa Marekani John F. Kennedy ameanzisha Peace Corps, mpango wa kupeleka Wamarekani kujitolea nchi za nje, mwezi wa Machi. Ghana ya Kwame Nkrumah ina shule na ina upungufu wa walimu, ikasema tuletee walimu. Mmesikia? Ghana ilisema inataka nini. Tarehe 30 Agosti ndege ikatua Accra, wakashuka vijana hamsini na kitu, walimu. Wakajipanga palepale uwanjani, wakaimba wimbo wa nchi ile kwa lugha ya Kitwi. Fikiria wewe ni waziri umesimama pale na hotuba yako ya Kiingereza mfukoni, wageni wanaanza na lugha ya mama yako. Unabaki na nini cha kusema?

Huo ni upande wa kwanza wa shilingi. Upande wa pili ulikuja mwezi wa Oktoba, mwaka uleule, Ibadan, Nigeria. Binti mmoja wa Peace Corps, yuko mafunzoni chuo kikuu, akaandika kadi ya posta kwa rafiki yake Marekani. Kadi ya posta, vijana wangu, ni kama status, ila unailipia stempu. Akaandika jinsi maisha ya pale yalivyo duni, jinsi watu wanavyoishi barabarani, wanapika barabarani, wanauza barabarani, na mengine ambayo sitayasema mbele ya wazee. Kadi ikadondoka kabla ya kufika posta. Mwanafunzi akaiokota, akaisoma. Ikanakiliwa, ikasambazwa mabwenini, wanafunzi wakaandamana, gazeti zikaandika mpaka Marekani. Yule binti akaondoka Nigeria.

Mimi sidhani alikuwa mtu mbaya. Alishangaa, akaandika mshangao wake, kama mgeni yeyote. Lakini aliandika kana kwamba watu wa Ibadan hawajui kusoma. Ndiyo, hilo ndilo lililowachoma wanafunzi wale: walikuwa chuo kikuu, na mgeni ameandika habari zao kama vile hawatakuja kuiona.

Sasa ninyi mna simu. Kadi yenu haidondoki, mnaidondosha wenyewe kila saa. Kijana wetu mmoja alifika Ulaya, siku ya nne akapiga picha mzee aliyelala kwenye benchi la kituo cha treni, akaituma kwenye kundi la wenzake: "Ona, hata huku kuna maskini." Wenzake huku wakacheka na kuweka vikaragosi. Je, kuna tofauti gani kati yake na mgeni anayekuja kituo cha afya hapa na kuwapiga picha mama zenu wakiwa kwenye foleni ya dawa? Mkono wa nani ungependa ushike picha ya mama yako akiwa amebeba mtoto mwenye homa? Nyumbani kwangu sheria ni moja kwa mgeni na kwa mwenyeji: mtu hapigwi picha kabla hajaulizwa, na mtoto haulizwi yeye, anaulizwa mzazi wake. Mgeni mmoja alinuna siku mbili kwa sheria hiyo. Akazoea.

Nikiwa kwenye habari ya watoto, nisogee karibu zaidi, nije hapahapa Jinja. Mji huu unapenda wageni. Tuna chanzo cha Nile, tuna mitumbwi ya kurushwa kwenye mawimbi, na wageni wengi wanaokuja kucheza majini wanataka pia, siku mbili hizi, kusaidia watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali nzuri, nimelelewa nayo. Lakini mwenyeji apone kweli!

Wakubwa hapa mnakumbuka. Mwaka 2019 akina mama wawili walikwenda mahakamani katika mji huu, wakilalamika kwamba watoto wao walifariki baada ya kuhudumiwa katika kituo kilichoanzishwa na mgeni kijana ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2020, bila upande wa kituo kukiri kosa. Mimi si hakimu, na sitahukumu leo kile ambacho mahakama haikuhukumu. Nasema hivi tu: mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kufa kwa kulishwa vibaya, kwa kuwekewa maji mengi kupita kiasi, kwa haraka ya mtu anayempenda. Daktari anajifunza miaka mingi kwa sababu hiyo. Upendo hauna leseni ya kuchoma sindano.

Na hapa naomba wazazi mnisikilize, maana hili ni lenu kuliko la vijana. Kijana wetu akitaka kufanya kazi chekechea ya Ujerumani, anaombwa cheti cha polisi cha tabia njema. Anapanda basi mpaka Kampala, anaweka alama za vidole, analipa, anasubiri. Hakuna anayelalamika. Sasa mgeni akitua Jinja na begi mgongoni, kesho yake yuko katikati ya watoto wadogo, amewabeba wawili wawili, nani amemwomba cheti? Nani ameuliza kama anajua kufundisha? Watoto wengi katika vituo hivi vinavyoitwa vya yatima wana mzazi aliye hai au bibi. Mgeni anakuja wiki mbili, mtoto anamzoea, mgeni anaondoka. Anakuja mwingine, mtoto anamzoea, anaondoka. Kazi ya kuachwa kila mwezi, mtoto yule aliiomba lini?

Kwa hiyo nyumbani kwangu sipokei tena mgeni anayetaka kituo cha yatima. Akitaka kufundisha kutengeneza kompyuta, namjulisha kwa mwalimu aliyemwomba. Akitaka kucheza mpira na vijana wa rika lake, karibu sana, uwanja upo pale. Akisema "nipelekeni kwa watoto maskini", namwonyesha stendi ya basi.

Mnacheka, lakini ni kweli.

Tuje kwenye neno la kubadilishana. Norwei ilianza kupeleka vijana wake nchi za nje mwaka 1963, na Uganda, nchi yetu hii, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea. Uhuru ulikuwa hata haujatimiza miaka miwili, tayari tunawapikia chai. Mkeka ulikuwa wa kwetu, na kila mwaka waliokaa juu yake walikuwa wao. Miaka inapita, wanakuja. Miaka inapita, wanakuja. Ilipofika mwaka 2000 ndipo mpango ule ukabadilishwa: vijana waende pande zote mbili, na hata kati ya Afrika na Afrika, Afrika na Asia, bila kupitia Oslo. Siku hizi shirika hilo linaitwa Norec. Wajerumani nao walianzisha mpango wao wa weltwärts mwaka 2008, kwa vijana wa miaka 18 mpaka 28, na njia ya kutoka huku kwenda kwao ikafunguliwa mwaka 2013. Miaka mitano baadaye. Na mpaka leo barabara ya kuja ni pana na ya kwenda ni njia ya mguu, muulizeni yeyote aliyepanga foleni ya viza.

Lakini njia ya mguu nayo inapitika. Kuna binti wa mtaa huu, hapendi jina lake litajwe na ameniomba nisimwangalie, alikwenda Ujerumani mwaka mzima kufanya kazi katika nyumba ya wazee. Huko vijana wao wenyewe wanafanya kazi hiyohiyo, kuna mpango wa serikali wa kujitolea, kwa hiyo hakuwa mtalii wala hakuwa mfanyakazi wa ndani. Nyumba ile iliomba mtu. Ilisema: tunahitaji mtu wa kugawa kifungua kinywa, kusukuma viti vya magurudumu, kucheza karata mchana. Hiyo ndiyo kazi. Haikuwa kuokoa Ujerumani.

Wiki za kwanza alinipigia simu kwa hasira. "Mama, hawa wazee watoto wao wako wapi? Mtu anamwachaje baba yake hapa?" Nikamwambia subiri, usihukumu nyumba ukiwa bado unatafuta choo kilipo. Novemba ikaingia, saa kumi na moja jioni giza, akalia. Nikamwacha alie, kilio hakihitaji ushauri kila mara. Sasa palikuwa na mzee mmoja pale, kumbukumbu zimemtoka, kila asubuhi anamuuliza: "Binti, unatoka wapi?" Kila asubuhi anamjibu: Jinja. Kesho yake: "Binti, unatoka wapi?" Jinja. Akachoka. Siku moja akajibu Iganga. Keshokutwa Bugiri. Akaendelea na barabara hiyohiyo, kituo kwa kituo, mpaka wakafika Tororo, wakafika Malaba mpakani. Na mzee kila asubuhi anasema, "Ah, mji mzuri, nimesikia habari zake."

Aliporudi, alifanya kitu ambacho sikumtuma. Aliniuliza: hapa Walukuba, wale wazee waliokuja kufanya kazi viwandani enzi zile, waliokuja kutoka Samia, kutoka Lango, kutoka Kenya, ambao watoto wao wako Kampala na Dubai, nani anawagawia kifungua kinywa? Mimi nikanyamaza. Sisi tuliozoea kusema Wazungu wanatupa wazee wao, tulinyamaza. Yeye akaenda kwa wazee wenyewe, akawauliza wanataka nini. Alidhani watasema chakula. Mmoja alisema anataka mtu wa kumsomea ujumbe wa simu kabla hajatapeliwa pesa zake za mobile money. Mwingine alisema nguo nzito zimemshinda kufua. Kwa hiyo Jumamosi mabinti watatu wanafua na kusoma meseji. Mradi wenyewe hauna jina wala fulana.

Nyongeza kidogo, kwa sababu inanichekesha mpaka leo. Kijana mwingine alirudi kutoka hukohuko anatufundisha: "Kule ukimaliza soda unarudisha chupa, mashine inakupa senti 25! Wenzetu wameendelea!" Nikamwambia mwanangu, mwenye duka pale kona amekuwa akininyima soda bila chupa tupu tangu nikiwa na meno ya utotoni. Unaona? Wakati mwingine mtu anahitaji kupanda ndege ili aone kitu kilicho kwenye kona yake. Si vibaya. Ila chupa za plastiki zinazoziba mifereji yetu, hizo hakuna anayezilipia, na hapo kijana yule ana hoja. Namsubiri aifanyie kazi.

Sasa lile swali la kunong'ona. Nifanyeje niende?

Nitasema haraka, andikeni. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, ianze kutafutwa sasa, si wiki ya usaili. Norec haichukui mtu mmojammoja, inafanya kazi kupitia mashirika yaliyoungana, kwa hiyo huwezi kuiandikia barua wewe na dada yako. Jiunge kwanza na shirika. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, hautozi senti tano katika hatua yoyote. Narudia: hautozi. Mtu akikuambia amekupatia nafasi ya UNV na anataka laki tatu za fomu, huyo ni mwizi, hata akiwa shemeji yako. Weltwärts nayo, nauli, bima, malazi na pesa za matumizi zinalipiwa na mpango. Ukiona unaambiwa uuze shamba la baba ili ukajitolee, simama.

Na kuna hatari kubwa kuliko ya kupoteza laki tatu. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa taarifa juu ya mpango unaoitwa Alabuga Start, kule Tatarstan, Urusi. Matangazo yalijaa kwenye mitandao: tiketi ya bure, mshahara, masomo na kazi, kwa mabinti wa miaka 18 mpaka 22 kutoka nchi za Afrika. Waliokwenda, na Waganda wakiwamo, walidhani wanakwenda kujifunza hoteli na upishi. Wengi wakajikuta kiwandani wanaunganisha ndege zisizo na rubani za vita, wanashika kemikali zinazowachoma ngozi. Sasa niulizeni swali langu! Kazi hii imeombwa na nani? Na kiwanda. Kwa nini wanataka mabinti tu, wadogo, wa mbali, wasiojua lugha? Kwa nini tangazo zima halisemi utafanya nini saa mbili asubuhi ya Jumatatu ya kwanza?

Hilo ndilo la kuwauliza wote, wema na wabaya: Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi, nitakuwa wapi, nafanya nini, na bosi wangu ni nani? Pasipoti yangu itashikwa na nani? Jibu lake ni moja: na mimi. Nikiugua, bima ni ya kampuni gani? Nikitaka kurudi kabla ya wakati, tiketi nani analipa? Na mnipe namba ya mtu mmoja aliyerudi, nizungumze naye kwa lugha yetu. Shirika la kweli litakupa namba. Tapeli atakupa video.

Wazazi, najua mna lenu. Mtoto amemaliza chuo, nimeuza ng'ombe, halafu aende akafanye kazi ya bure? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Kuna mashirika hapahapa Uganda yanayomweka kijana miaka miwili ofisini bila mshahara, anaitwa mtu wa kujitolea, anafanya kazi ya karani, na karani mwenyewe amefukuzwa. Huko si kujitolea, ni unyonyaji wenye kitambulisho shingoni. Kujitolea kuna mwanzo na mwisho vilivyoandikwa, na kijana analala, anakula na anatibiwa bila mzazi kuuza kitu. Kama hayo hayapo, mwambieni mtoto arudi nyumbani, na msimwone mvivu.

Halafu kuna vijana hapa ambao ndege haitawahusu mwaka huu, wala mwaka ujao. Msiondoke, nawatazama ninyi. Mna kitu ambacho wengi wanakwenda kukisomea: Kiswahili cha mtaani cha Walukuba, kimepita kambi ya jeshi, kimepita viwandani, hakina aibu. Kwa kitambulisho cha taifa tu mnaingia Kenya na Rwanda. Na mnajua Nakivale? Iko Isingiro, upande wa Mbarara kule, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, yana umri mkubwa kuliko Uganda huru. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi. Nenda sokoni Nakivale ufumbe macho, utasikia Kiswahili cha Bukavu kinabishana bei na Kiswahili cha Bujumbura. Hiyo si kimataifa? Au kimataifa ni mpaka upite juu ya bahari?

Kundi moja la vijana wetu lilikwenda huko kukutana na vijana wenzao. Walikuwa wamebeba nguo za mitumba za kugawa, mabegi manane. Mwenyeji wao, kijana Mkongo, fundi cherehani, akazitazama nguo, akasema kwa upole: "Asanteni. Mimi nashona nguo, soko langu limekufa kwa sababu ya nguo za bure. Mngeniuliza, ningewaambia mlete zipu." Zipu! Kwa hiyo awamu ya pili walibeba zipu, vifungo na uzi, na wakakaa wiki nzima kujifunza kukata suruali kutoka kwake. Awamu ya tatu yeye ndiye alikuja Jinja, kwa kibali cha kusafiri, akafundisha hapa, ukumbi huuhuu, wengine mmevaa kazi ya mikono yake leo. Kuingia kule kunahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, msijiendee kama mnakwenda harusini. Barua ya maombi tutaiandika pamoja.

Hapo hapo kwenye barua: Jumamosi saa nne nitakuwa hapa na madaftari. Njooni na maombi yenu mliyoyaandika, ya Ujerumani, ya Norwei, ya Nakivale, yoyote. Sitasoma aya ya kwanza inayosema umezaliwa katika familia duni na una ndoto kubwa, maana wote mmeiandika hiyohiyo. Nitasoma pale uliposema unaweza kufanya nini: unashona, unafundisha hesabu, unajua kukaa na mzee anayeuliza swali moja kila siku. Kama hapo pako wazi, tutatafuta kwanza cha kujaza, hapahapa mtaani, na tarehe ya mwisho ya maombi itatusubiri mwakani.

Sasa maswali. Yule kijana wa nyuma mwenye fulana ya kijani ameinua mkono tangu nipo Ghana. Simama, mwanangu, sema kwa sauti, jenereta imewashwa tena.